Twende Musanze, Tule Pamoja: Mazungumzo na Wenye Magari ya Haibridi



Leo nina jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza utaliona ni la starehe tu. Nataka wenye magari ya haibridi wa Kigali wakusanyike siku moja, waondoke kwa msafara asubuhi, wapande milima ya kaskazini hadi Musanze, wale chakula cha mchana pamoja, kisha warudi nyumbani kabla ya giza. Basi, ni hilo tu. Lakini nakuomba usiondoke, kwa sababu ninavyoona mimi safari hiyo ni darasa, na ni darasa ambalo wengi wa wenye magari haya hawajawahi kulipata mahali popote. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, halafu tutaipita barabara yenyewe kipande kwa kipande, halafu tutakaa mezani. Na mezani ndipo nitakapokaa sana.

Kwanza nimkumbuke msikilizaji ambaye hajawahi kuliendesha gari la namna hii. Gari la haibridi lina injini ya petroli kama gari lingine lolote, na ndani yake mna pia mota ya umeme na betri. Haya ninayoyazungumzia leo hayachomekwi ukutani. Umeme wake gari linajitengenezea lenyewe: ukiondoa mguu kwenye mafuta, au ukigusa breki taratibu, ile mota inageuka jenereta, inakusanya nguvu ya mwendo ambayo gari lingine lingeipoteza kwa joto la breki, na kuiweka kwenye betri. Ukiondoka tena, nguvu ileile inakusukuma. Toyota ilianza kuuza Prius huko Japani mwezi Desemba 1997, kwa hiyo si teknolojia ya jana. Kwetu ndiyo bado ngeni.

Na sasa imejaa. Simama jioni karibu na mzunguko wa Convention Centre uangalie yanayopita. Utaona RAV4, utaona Prius, utaona Kia Niro, Hyundai Tucson, Ioniq. Kuanzia mwaka 2021 serikali ililegeza kodi kwa magari ya umeme, na haibridi nazo zikapata nafuu yake. Watu wakanunua. Mwaka 2025 mambo yakabadilika kidogo: kodi ya ongezeko la thamani ikarudi kwa haibridi, na ushuru ukapangwa kwa umri wa gari, yaani gari jipya linalipa kidogo na kuukuu linalipa zaidi. Magari ya umeme mtupu yaliachiwa nafuu yake. Kwa hiyo leo anayenunua haibridi analipa zaidi kuliko jirani yake aliyenunua mapema, na ana sababu zaidi ya kutaka kujua alichonunua.

Hapo ndipo ninapouliza, msikilizaji wangu: nani alikufundisha kuliendesha?

Tuambiane ukweli. Wengi wetu tulijifunza kwa gari la gia za mkono. Hili la haibridi limefika kutoka Korea au Japani likiwa limeshatumika. Kitabu chake, kama kipo, kimeandikwa Kikorea au Kijapani. Ukiliwasha, skrini inakuandikia maneno ambayo huwezi kuyasoma. Aliyekuuzia alikuonyesha pa kubonyeza, akakupa funguo, mkapeana mkono, kwisha. Tangu siku hiyo uko peke yako na gari lako. Ukilala, unaliwaza. Ukienda garaji, unasikia uvumi: kwamba betri ikifa gari limekufa, kwamba si gari la milima, kwamba ukipita kwenye maji litakupiga umeme. Nani wa kukuambia lipi ni kweli na lipi si kweli? Mwenye jibu ni jirani yako mwenye gari kama lako, ila hujawahi kukaa naye. Mnapishana barabarani kila asubuhi, kila mmoja na wasiwasi wake.

Ndiyo maana nasema twende pamoja. Tuianze safari.

Tunatoka Kigali kwa upande wa Nyabugogo, tunafika Giticyinyoni. Hapo njia zinagawana: moja inavuka Nyabarongo kwenda Muhanga na kusini, nyingine inakata kulia na kuanza kupanda kuelekea Shyorongi. Tunashika hii ya kupanda. Kutoka hapa hadi Musanze ni kilometa 90 hivi, saa mbili za mwendo wa heshima.

Ule mlima wa Shyorongi ndio somo la kwanza, na unakuja kabla hata hujapasha moto kiti. Ukianza kupanda, utaona gari linachota nguvu pande mbili kwa pamoja, injini na mota. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Sisi wa Rwanda tunaishi juu. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Mombasa, na injini ya petroli inapumua hewa. Kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, injini ya kawaida isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Mota ya umeme haipumui. Nguvu iliyokuwa nayo pwani ndiyo iliyo nayo Shyorongi. Kwa hiyo anayekuambia kwamba haibridi si gari la milima, mwambie milima ndiyo mahali mota inapokusaidia zaidi.

Lakini usishangilie upesi. Betri ya gari hili ni ndogo. Ukikanyaga mafuta mpaka chini tangu Giticyinyoni, kabla hujafika juu betri imeshuka na injini imebaki peke yake, inalia. Dereva anayelijua gari lake hapa anapanda kwa mguu mwepesi. Anaachia kasi ishuke kidogo, anaiacha injini ifanye kazi yake bila kupiga kelele, na anabakiza umeme kwa ajili ya kona zile ngumu. Ukiwa peke yako hutaliona hilo. Ukiwa nyuma ya dereva mzoefu kwenye msafara, unaliona kwa macho: yeye haharakishi, na wewe unayekanyaga sana hufiki juu kabla yake.

Tukishapita Shyorongi, barabara inatembea juu ya migongo ya vilima vya Rulindo. Kushoto bonde, kulia bonde, matuta ya mashamba yamepangwa ngazi kwa ngazi hadi chini kabisa, mikaratusi imesimama ukingoni. Nasisitiza kwamba abiria ndio waangalie mandhari. Dereva ataangalia tukisimama.

Halafu tunaanza kushuka, na hapa nakuomba msikilizaji unipe masikio mawili, kwa sababu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote ya barabarani. Watu wanadhani mteremko mrefu ni neema tupu kwa haibridi: nitashuka, betri itajaa, nitakwenda bure. Ni kweli nusu. Gari lenye watu wanne likishuka mita 300 kwenda chini, uzito wake pekee una nguvu inayotosha betri nzima ya Prius kutoka tupu hadi juu. Na kompyuta ya gari haiiachi betri iwe tupu, wala haiiachi ijae pomoni, ili idumu. Maana yake nini? Maana yake betri inafika kikomo mapema, mteremko bado unaendelea. Ikishafika hapo, gari halina tena pa kuweka nguvu ile. Breki za kawaida, zile za chuma, ndizo zinazobeba mzigo. Na ukiendelea kuzikanyaga kona baada ya kona, zinapata moto.

Dawa yake ipo ndani ya gari, ila hatukuambiwa. Kwenye Prius, pale pa gia pana herufi B. Ukiweka B, injini inasaidia kulizuia gari kama vile ulivyokuwa ukirudisha gia ya pili kwenye gari la zamani. Baadhi ya magari ya Korea yana vibao viwili vidogo nyuma ya usukani kwa kazi ya namna hiyohiyo. Narudia: kwenye mteremko mrefu, betri ikishajaa, tumia B au vibao vyako, usiziachie breki kazi yote. Kuna watu wameiona herufi B kila siku wakadhani ni kitu cha mafundi.

Chini kwenye bonde tunafika Nyirangarama. Hakuna Mnyarwanda anayesafiri kaskazini asiyepajua. Hapo ndipo kwa Sina Gérard, yule mfanyabiashara aliyeanzia hapohapo kwa kuoka na kuuza pembeni mwa barabara hii katika miaka ya 1980, na leo pilipili yake ya Akabanga, ile ya kuhesabu matone, inajulikana nje ya nchi. Msafara usimame hapa. Watu waende msalani, wanunue mandazi na juisi, watoto wanyooshe miguu. Na madereva wafanye jambo moja: kila mmoja asome kwenye skrini yake gari limetumia lita ngapi kwa kilometa 100 tangu Kigali, waandike kwenye karatasi moja. Si mashindano. Nataka waone tofauti. Kutakuwa na magari mawili ya aina moja, mwaka mmoja, barabara moja, na namba hazitafanana. Hapo swali la kwanza la siku limezaliwa: kwa nini? Tunalibeba mpaka Musanze.

Kutoka Nyirangarama tunapita Base, tunaingia Gakenke, na kule mbele zinatungoja kona za Buranga. Madereva wa malori wanazijua. Barabara inajipinda juu ya mlima, upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine bonde. Hapa msafara unapaswa kuwa na adabu. Magari yasifuatane yamebanana kama mabehewa. Aliye nyuma yetu na haraka zake lazima apate pa kuingia. Gaweni msafara katika makundi ya magari matatu au manne, kila kundi na kiongozi wake, na kila dereva ajue tunakutana wapi hata akiachwa. Asiwepo wa kupita lori kwenye kona eti asiachwe na wenzake. Polisi wetu walianzisha kampeni ya Gerayo Amahoro mwaka 2019, yaani fika kwa amani, na kwenye barabara hii neno hilo lina maana yake kamili.

Na baiskeli! Barabara ya Musanze ina watu wanaobeba magunia ya viazi kwa baiskeli, wengine wanashuka kwa kasi inayokutisha, wengine wanasukuma kwa miguu wakipanda. Gari letu likienda polepole kwa umeme halisikiki. Mwenye baiskeli anayesukuma mzigo hakusikii ukija nyuma yake, wala mtoto anayevuka kwenda kuteka maji hakusikii. Mwenye gari la kimya anawajibika zaidi kuliko mwenye gari la kelele. Piga honi fupi mapema, mpite kwa mbali, umshukuru kwa mkono.

Ukishaipita Buranga milima inaanza kufunguka, na kama hakuna ukungu, volkano zinajitokeza mbele yako: Muhabura kulia, mita 4,127, na ukisogea zaidi Karisimbi, mita 4,507, ndefu kuliko zote nchini. Nimeipita njia hii mara nyingi na bado naona kifua kinapanuka zikitokea. Sasa tuko Musanze.

Tumefika mezani.

Nitakaa hapa kidogo, maana watu wakipanga safari kama hii wanahangaika na magari na barabara, chakula wanakiacha kuwa jambo la kumalizia. Mimi napanga kinyume. Chagueni kwanza pa kula, halafu mjenge safari kuzunguka pale. Tafuteni mahali penye uwanja wa kuegesha magari yote pamoja, meza ndefu chini ya mti au kibanda, na mwenye jiko aliyeambiwa siku mbili kabla. Musanze ni nchi ya viazi. Viazi vya kule vya Kinigi, vya kuchoma au vya kukaanga, pamoja na mishikaki ya mbuzi, isombe, mizuzu na maharage, vinatosha sana. Kama mtavuta hadi upande wa ziwa Ruhondo, mtakula mkiyaangalia maji.

Tena, waandaaji, ulizeni mapema nani anakula nini. Kigali yetu ina Waislamu wengi, na wenye kunisikiliza kwa Kiswahili huko Biryogo wananielewa vizuri. Nyama iwe halali, na mbuzi asichomwe kwenye wavu uliochomewa nguruwe. Kumwambia mgeni baada ya kufika kwamba "utakula viazi" si ukarimu. Na wale wenye kuendesha, bia ingoje nyumbani. Polisi wana kipimo chao barabarani, na Buranga ya kurudi ni ileile.

Basi, watu wamekaa, wamenawa mikono, chakula kinakuja. Ndipo maneno yanapoanza. Nimewahi kukaa kwenye meza kama hiyo, na nitawasimulia mazungumzo ya watu wawili tu. Mmoja ni kijana dereva wa teksi mwenye Prius ya zamani. Mwingine ni mama wa makamo, mhasibu, mwenye Kia Niro. Kijana alimuuliza, "Mama, ile feni ya betri umewahi kuisafisha?"

"Feni ipi tena, mwanangu?"

Akanyanyuka, akamchukua hadi kwenye gari la mama, akamfungulia mlango wa nyuma. Kando ya kiti palikuwa na kitundu chenye wavu, na juu yake mama alikuwa ameweka koti na mfuko wa viazi aliokwisha kununua njiani. Kijana akamweleza: betri kubwa inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari, hewa inaingia hapa, ukipaziba au pakijaa vumbi betri inapata joto, na joto ndilo linaloiua betri mapema. Mama akaondoa koti palepale. Alikuwa amelimiliki gari lile muda mrefu na hakuwahi kuambiwa.

Walipokaa tena, zamu ikageuka. Mama akamuuliza, "Na wewe, unajuaje gari lako linakula kiasi gani?"

"Nasoma kwenye skrini, mama."

"Skrini haijawahi kulipa kituoni, mwanangu."

Akatoa daftari dogo. Kila anapoweka petroli anajaza mpaka juu, anaandika lita na kilometa, anagawanya. Akamwonyesha kwamba skrini yake humpendelea kidogo kila mara. Kijana, ambaye mkate wake unatoka kwenye lita hizo, alipiga picha ukurasa ule kwa simu. Nawauliza wasikilizaji: ni ofisi gani ingewakutanisha watu hawa wawili? Ni semina gani? Walikutanishwa na sahani ya viazi.

Na mezani ndipo uvumi hupimwa. Betri ikifa gari limekufa? Betri kubwa imejengwa kwa vipande vingi, na mara nyingi kinachochoka ni vipande vichache. Fundi mwenye kipimo anaweza kukuambia vipi. Hali ya hewa ya Kigali, isiyo na joto kali, ni rafiki kwa betri kuliko ya miji ya pwani. Gari limegoma kuwaka asubuhi, kila taa imezima? Mara nyingi si betri kubwa, ni ile ndogo ya volti 12 inayoamsha kompyuta. Baadhi ya Niro na Ioniq zina hata kitufe karibu na usukani cha kuiamsha betri hiyo ndogo. Fikiria mtu anayeita lori la kuvuta gari wakati kitufe kiko karibu na goti lake. Na zile nyaya nene za rangi ya machungwa chini ya boneti? Hizo kweli usiziguse, wala usimruhusu fundi asiyezijua azifungue. Hapo uvumi una haki.

Swali letu la Nyirangarama nalo linajibiwa hapa. Kwa nini namba hazikufanana? Mmoja alikuwa na matairi yenye upepo mdogo. Mwingine alikuwa anakanyaga breki dakika ya mwisho, kwa nguvu, mpaka mota haikupata nafasi ya kukusanya kitu. Mwingine alibeba mzigo wa wiki nzima kwenye buti. Na nawakumbusha jambo moja la haki: Musanze iko juu kuliko Kigali kwa karibu mita 300. Kwenda ni kupanda, kurudi ni kushuka. Usilihukumu gari kwa upande mmoja wa safari, wala usijisifu kwa namba ya kurudi. Jumlisha zote mbili.

Sasa, najua kuna msikilizaji anayenisikiliza ameinamisha kichwa. Anasema: ndugu mtangazaji, unatuambia tuchome petroli kwenda kula viazi, halafu unasema magari haya ni ya kuhifadhi mazingira? Swali hilo ni zuri na halistahili kujibiwa kwa haraka. Kila lita tunayochoma imesafiri zaidi ya kilometa 1,400 kutoka Dar es Salaam, au kutoka Mombasa ambako ni mbali zaidi. Nchi inailipia kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo safari ya kujifurahisha iwe na masharti. Sharti langu la kwanza: kiti kisiende kitupu. Magari sita yenye watu watano watano ni bora kuliko magari kumi na tano yenye wawili wawili. Mchukue jirani asiye na gari. Mchukue mzazi wako ambaye hajaiona Muhabura tangu ujana wake. Mchukue yule rafiki anayetaka kununua haibridi, akae mbele, aone kwa macho yake kabla hajatoa pesa.

Sharti la pili: mtu arudi akijua kitu. Dereva anayerudi amejifunza kugusa breki mapema ataokoa petroli kila siku ya kazi, kuanzia Remera hadi mjini, mwaka mzima. Hiyo inazidi sana ile aliyoichoma kwenda Musanze. Na hapa nchi yetu ina bahati moja. Mwendo unaoruhusiwa kwenye sehemu nyingi za barabara zetu ni kilometa 60 kwa saa, na kamera, hao akina Sofiya wetu, hawalali. Madereva wananung'unika. Lakini haibridi inakula kidogo hasa kwenye mwendo huo. Ukiipeleka 120 upepo unaila faida yote. Sheria na gari hili zimeelewana, ni sisi tu tuliobaki.

Tumalizie na siku. Lini? Hapa Kigali hilo si swali jepesi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, ile kazi yetu ya pamoja ya jamii, kuanzia saa mbili hadi saa tano, hakuna wa kusafiri na hakuna anayepaswa kutaka kusafiri. Jumamosi nyingine ndugu zetu Wadventista wako kanisani. Jumapili wengine wako misani, na Jumapili mbili za mwezi barabara kadhaa za mjini zinafungwa asubuhi kwa siku ya mji bila magari, utaratibu tulioanza nao 2016. Mimi ningeziangalia sikukuu za kiangazi. Tarehe 1 Julai na tarehe 4 Julai nchi imepumzika, na mvua imekwisha. Umuganura, Ijumaa ya kwanza ya Agosti, ni siku ya mavuno na ya kula pamoja, inafaa sana, ila ni Ijumaa: msafara upange chakula baada ya sala, na Musanze misikiti ipo. Msiende katikati ya mvua za masika. Mwezi Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua zaidi ya watu 130 magharibi na kaskazini mwa nchi yetu. Milima ile ikilowa, iacheni.

Na yakumbukeni madogo. Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla Nyabugogo haijaamka yote. Pimeni upepo wa matairi usiku uliotangulia. Msibebe vyombo vya plastiki vya kutupa, sheria yetu ya 2019 imevikataza; bebeni vikombe vya nyumbani. Na karatasi ya namba za Nyirangarama msiitupe, safari ya pili mtaihitaji.

Wanaotaka kuandaa msafara wa tarehe 4 Julai, anzeni leo kuulizana kazini, kanisani, msikitini na kwenye Watsapu za mitaa yenu: nani ana haibridi, na nani ana kiti kitupu? Wiki ijayo saa hii hii tutazungumza juu ya matairi, lipi linafaa barabara zetu za milima na lini ulibadilishe. Kwaherini, na wale mlioko njiani, fikeni salama.